Talaka na Suluhu: Historia ya Baraza la Ndoa katika Tanzania Bara

Mtu atakaye kuivunja ndoa yake katika Tanzania Bara haruhusiwi kwenda moja kwa moja kwa hakimu. Yampasa kwanza akae mbele ya watu wasiopungua watatu wala kuzidi sita, ambao pengine hawakusoma sheria hata siku moja, awaeleze mambo ambayo labda mama yake mzazi hajapata kuyasikia. Watu hao ndio Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Wakiweza kuwapatanisha mume na mke, shauri huishia hapo. Wakishindwa, huandika cheti cha kushindwa, na cheti hicho ndicho ufunguo wa mlango wa mahakama. Ndivyo inavyoamuru Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka ule.

Wengi huliona baraza hili kuwa mila ya kale iliyopewa namba ya kifungu. Maoni hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Suluhu ilikuwako tangu zamani. Ila msuluhishi hakuwa mtu yule yule. Zamani aliyewasuluhisha mume na mke alikuwa mtu ambaye angepata hasara ndoa ikivunjika. Baada ya 1971 alikuwa mtu asiye na cha kupata wala cha kupoteza. Badiliko hilo halikuandikwa katika kifungu cho chote, na hata hivyo limeigeuza talaka ya Tanzania kuliko maneno mengi yaliyoandikwa.

Ili kulifahamu jambo hili yafaa kuanza na mahari. Katika makabila yaliyofuata ukoo wa baba na kutoa mahari kwa ng'ombe, kama Wasukuma, Wakurya na Wagogo, mifugo iliyotolewa kwa ajili ya binti haikukaa zizini ikingoja. Mara nyingi kaka yake aliitumia hiyo hiyo kutafuta mke wake mwenyewe. Basi binti aliporudi kwao na mzigo wake kichwani, hakurudi peke yake. Nyuma yake alikuja mkwe akidai ng'ombe wake, na ndoa ya kaka ilianza kutikisika kwa sababu ya ndoa ya dada. Upande wa pili nao ulikuwa na hofu yake, kwa maana mume aliyeonekana kuwa na kosa aliweza kupoteza mke na ng'ombe pamoja. Kwa hiyo wazee walioketi chini ya mti kusikiliza ugomvi hawakuketi kwa ajili ya hekima tu. Walikuwa wadeni na wadai, na suluhu ilikuwa njia ya kuahirisha deni.

Suluhu ya namna hiyo ilikuwa na nguvu, na nguvu hiyo ilimwelemea zaidi mwanamke. Aliambiwa avumilie, na sababu ya kweli haikuwa tabia njema ya mumewe. Ilikuwa kwamba baba yake hana cha kurudisha. Jambo moja tu lapasa kusemwa kwa upande wa wazee wale: waliomrudisha kwa mumewe walijua kwamba akipigwa tena atabisha mlango ule ule, na watu wote watajua ni nani aliyesema arudi. Walikuwa na sababu ya kuendelea kuitazama nyumba ile baada ya kikao kwisha.

Makabila yaliyofuata ukoo wa mama yalikuwa na hali nyingine. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde mahari ilikuwa kitu kidogo, na wajomba ndio walioshika mambo ya dada zao na watoto wao. Huko ndoa ilivunjika kwa wepesi zaidi, wala mtu hakutishwa na zizi tupu.

Pwani, na po pote Uislamu ulipofika, sheria ilikuwa ya namna yake. Mume aliweza kutoa talaka kwa ulimi wake. Ya kwanza na ya pili aliweza kurejea katika eda, lakini ya tatu ilifunga njia. Mke hakuwa na ulimi wa namna hiyo. Aliweza kujikomboa kwa khului, yaani kurudisha mahari au mali nyingine kwa mapatano na mumewe, au kwenda kwa kadhi kuomba fasakhi, kwa mfano pale mume alipomwacha bila chakula wala mavazi. Lakini hata katika sheria hii suluhu ilitangulizwa. Aya ya 35 ya Suratun Nisaa yaagiza kwamba panapohofiwa mfarakano patumwe hakamu mmoja kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Na huyo hakamu, kama mzee wa Usukuma, ni ndugu. Kabla yake kwa kawaida palikuwa na somo, yule mwanamke mtu mzima aliyemfunda bibi arusi, ambaye alisikia malalamiko ya ndani zamani kabla ya wanaume kuitwa.

Serikali ya Kiingereza ilipoishika Tanganyika haikutaka kuyaingilia sana mambo hayo. Amri ya Mfalme ya 1920 iliziagiza mahakama zifuate sheria za wenyeji katika mashauri yao ya madai, maadamu hazipingani na haki na maadili kwa jinsi watawala wenyewe walivyoyaona maadili hayo. Mwaka 1929 mahakama za wenyeji ziliondolewa chini ya Mahakama Kuu zikawekwa chini ya maofisa wa utawala, na pwani liwali na kadhi waliendelea na kazi yao. Wakristo waliofunga ndoa ya mke mmoja walikuwa na njia ya tatu, nyembamba kuliko zote. Talaka yao ilifuata sheria iliyonakiliwa kwa Waingereza, ikasikilizwa na Mahakama Kuu, na mwombaji alitakiwa athibitishe kosa: uzinzi, ukatili, au kutelekezwa. Mkulima wa kijijini angewezaje kulipa nauli na wakili ili kuthibitisha uzinzi mbele ya jaji aliyevaa nywele za bandia? Wengi waliachana bila kuachana. Kila mmoja alikwenda zake, na karatasi ya ndoa ikabaki sandukuni.

Kazi ya kuziandika mila ilifanywa zaidi na Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa serikali wa mambo ya jamii. Kitabu chake juu ya sheria na mila za Wasukuma kilitoka 1953, na baadaye alitakiwa azikusanye mila za makabila mbalimbali ya ukoo wa baba ziwe kitu kimoja. Alikufa 1962, lakini kazi ilikamilika, ikatangazwa katika Gazeti la Serikali mwaka 1963. Humo mahari ya kurudishwa ilipimwa kwa kosa la mume au mke na kwa watoto waliozaliwa. Jambo lililokuwa likisemwa na kubishaniwa barazani, kila nyumba kwa hali yake, likawa kanuni yenye namba. Mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Mahakimu iliyoziondoa mahakama za machifu, maliwali na makadhi katika Tanganyika na kuweka Mahakama za Mwanzo. Hakimu akawa mmoja. Sheria za ndoa zikabaki tatu. Asubuhi moja hakimu huyo huyo aliweza kuhesabu ng'ombe wa Msukuma, kisha akahesabu eda ya Mwislamu, na Mkristo wa ndoa ya kanisani akamwambia aende Mahakama Kuu.

Hali hiyo haikuweza kudumu katika nchi iliyokuwa ikihubiri usawa wa raia tangu Azimio la Arusha la 1967. Serikali ilitoa Waraka Namba 1 wa 1969 wenye mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa watu wote. Mawazo mengi yalitoka Kenya, ambako tume iliyoongozwa na Jaji Spry iliteuliwa 1967 na kutoa taarifa yake 1968. Ajabu ya historia ni kwamba mbegu ilichanuka kwa jirani. Tanzania ilipitisha sheria yake 1971. Bunge la Kenya liliukataa muswada wake mwaka 1976 na tena 1979, na Wakenya walikaa mpaka 2014 ndipo wakapata Sheria ya Ndoa iliyokusanya ndoa za namna zote.

Sheria ya Tanzania ilifanya mambo matatu makubwa kuhusu talaka. Kwanza, ilisema kwamba ndoa haivunjwi na binadamu ila kwa amri ya mahakama, na mahakama hizo ni pamoja na Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri husikilizwa kwa Kiswahili. Njia ya Mkristo maskini ikafunguka siku ile. Pili, kosa halikuwa tena sababu ya talaka. Sababu ikawa moja tu, kwamba ndoa imevunjika hata haiwezi kurekebishwa. Uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka 3, kifungo cha miaka 5 au zaidi, na mengine yaliyotajwa katika kifungu cha 107, yakawa ni ushahidi wa kuvunjika huko. Waingereza wenyewe walikuwa wamefika hapo kwa sheria yao ya 1969, iliyoanza kutumika Januari 1971. Tatu, ni baraza.

Lililowagusa watu zaidi lilikuwa ulimi wa mume Mwislamu. Je, talaka aliyoitamka ni kitu au si kitu? Waliotunga sheria walipata njia ya katikati, nayo yafaa kutazamwa kwa makini. Kwa ndoa iliyofungwa kwa Kiislamu, baraza lapasa kwanza likae na kuthibitisha kwamba limeshindwa kusuluhisha. Baada ya hapo, mume au mke akifanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, mahakama hulazimika kuona kwamba ndoa imevunjika, na kutoa amri ya talaka. Basi talaka ya ulimi haikufutwa. Ilipangiwa mahali pake, baada ya suluhu na kabla ya hakimu. Mume aliyetamka talaka usiku kwa hasira aliambiwa asubuhi kwamba mbele ya sheria ya nchi bado ana mke. Msomaji wa dini aweza kusema kwamba hapo sheria ya dola iliigusa ibada; mwanasheria aweza kujibu kwamba iliirudisha ile aya ya hakamu wawili mahali ilipokuwa imesahauliwa. Wote wawili wana hoja, na ubishi wao haujaisha.

Baraza lenyewe liliwekwa katika kila kata, nalo lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Jumuiya yenye kamati yake ya usuluhishi yaweza kukubaliwa na Waziri ili kamati hiyo iwe baraza la watu wake. Kwa njia hiyo makanisa, na BAKWATA iliyoundwa 1968, yaliingia katika kazi hii. Wakili haruhusiwi kumsemea mtu. Baadaye, Mabaraza ya Kata yalipoundwa kwa sheria ya 1985, mahali pengi ndiyo yaliyosikiliza mashauri ya ndoa pamoja na ugomvi wa mipaka ya mashamba na madeni madogo.

Hapa ndipo lile badiliko la msuluhishi lilipotimia. Mjumbe wa baraza la kata si shangazi wala mjomba, wala hakula ng'ombe wa mtu. Kwa sababu hiyo aweza kumwambia mwanamke jambo ambalo baba yake hakuweza kumwambia, kwamba ana haki ya kuondoka. Aweza pia kumsomea mume kifungu cha 66, kisemacho kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake wa ndoa kwa kumpiga. Mzee mdeni angalisoma kifungu hicho kwa kigugumizi. Hiyo ndiyo faida, nayo ni kubwa.

Hasara yake huonekana baada ya kikao. Baraza likisema, “Rudini nyumbani mkae kwa amani,” jalada hufungwa, na hapana aliyeagizwa kwenda kutazama kama amani ilikaa. Mwanamke akipigwa tena hana mlango wa mtu aliyetoa ahadi. Ana ofisi, na mwenyekiti aliyemsikiliza mara ya kwanza huenda amekwisha kubadilishwa. Tena kuna jambo la mahali. Sheria yasema baraza lenye madaraka ni lile la kata anayokaa mume, isipokuwa wote wawili wakiwa wa jumuiya moja yenye baraza lake. Mwanamke aliyekimbilia kwao, mwendo wa siku nzima kwa basi, yampasa arudi kwenye kata ile ile aliyoikimbia, akae mbele ya majirani wa mumewe. Yasikitisha kwamba kifungu kinachohusu suluhu kilimsahau huyo anayeihitaji kuliko wote.

Si kweli, hata hivyo, kwamba watunga sheria hawakuona taabu yo yote. Kifungu cha 101 kina misamaha. Hana haja ya baraza yule aliyetelekezwa asijue mwenzake yuko wapi. Wala yule ambaye mwenzake yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi katika miezi 6. Wala ambaye mwenzake ameitwa barazani akakataa kwa makusudi. Kifungo kirefu na ugonjwa wa akili usioponyeka vimetajwa pia. Mwisho kabisa mahakama yenyewe imepewa nafasi ya kusamehe ikiridhika kwamba kuna mambo ya ajabu yanayofanya baraza lisiwezekane. Upana wa maneno hayo ya mwisho umewapa mahakimu kazi. Mwanamke anayeogopa kuuawa, je, hali yake ni ya ajabu? Moyo wa mtu wajibu upesi. Mahakama hujibu kwa kupima ushahidi, shauri kwa shauri.

Wakati huo huo baraza lilianza kupata kazi isiyokusudiwa. Lililowekwa ili kuponya ndoa likawa pia ofisi ya kutolea karatasi. Watu waliokwisha kukata shauri huenda barazani kama aendavyo msafiri kukata tiketi, na wajumbe waliochoka huwapa barua yenye mistari miwili. Barua hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Sheria yataka cheti kiseme kwamba ugomvi ulisikilizwa na suluhu ikashindikana, nacho kisiwe kimepita miezi 6 tangu kutolewa hata siku ombi lipelekwapo mahakamani. Barua isiyosema hivyo si cheti.

Mashauri ya namna nyingine yamewafundisha wanafunzi wa sheria upande wa pili wa jambo hili, nao ni mali. Zamani mwanamke aliyeachwa aliondoka na vyombo vyake, na kwa Waislamu pengine na kitoka nyumba, yaani zawadi ya kuagana. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kilisema mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili igawanywe, kwa kutazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Majaji walitofautiana: mke aliyepika, akafua na kulea, je, amechangia nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mume? Ubishi ulikatwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri lijulikanalo kwa jina la mwanamke aliyelileta, ambalo lilianza katika Mahakama ya Mwanzo jijini Dar es Salaam. Jaji Mkuu Francis Nyalali aliamua kwamba kazi za nyumbani ni juhudi na ni kazi kwa maana ya kifungu kile. Tangu siku ile jiko likawa na thamani mbele ya sheria. Walimu hawasahau kuongeza kwamba mwanamke mwenyewe hakupata fungu jingine. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha biashara ya jamaa naye akazitapanya, na fedha hizo zikahesabiwa kuwa ndilo fungu lake. Wanawake wengine wote ndio waliorithi ushindi wake.

Kati ya uamuzi huo na baraza kuna kiungo kisichotazamwa sana. Sheria iliruhusu tangu mwanzo kwamba baraza likishindwa kusuluhisha laweza kuongeza katika cheti mapendekezo yake juu ya matunzo, mgawanyo wa mali na malezi ya watoto. Maana yake ni kwamba wajumbe hawakuwekwa ili kuuliza tu, “Mtarudiana?” Waliruhusiwa pia kuuliza, “Kama hamrudiani, mtoto atalala wapi, na nyumba ni ya nani?” Swali hili la pili lafaa kuulizwa na mtu anayekaa kata hiyo hiyo, aliyeiona nyumba ikijengwa, anayejua ni nani aliyebeba maji ya kufyatulia matofali. Hakimu wa mbali hutegemea risiti, na mwanamke wa jikoni hana risiti. Cheti chenye mistari miwili humwondolea ushahidi wa majirani zake.

Na karatasi hiyo ina kisasi chake. Katika miaka ya karibuni Mahakama ya Rufani imefuta mwenendo mzima wa mashauri ya talaka yaliyokwisha kupita mahakama za chini, kwa kuwa halikuwako jaladani cheti halali cha baraza. Bila cheti ombi lilikuwa halijafika wakati wake. Na ombi likianguka, talaka iliyotolewa huanguka, na mgawanyo wa mali huanguka nayo. Wawili waliokwisha kutengana kwa miaka, pengine kila mmoja na makao mapya, huambiwa kwamba bado ni mume na mke, na atakaye kuendelea hana budi kurudi kata anayokaa mume, aketi mbele ya baraza, asikilizwe upya kama suluhu yawezekana.